Mkumbaa na Chokaa ya Heshima

Nchini kwetu jiwe haliruhusiwi kubaki na rangi yake. Mgeni akija, kitu cha kwanza anachokisifu ni mawe yetu, meupe pepepe, yamepangwa kando ya barabara tangu mjini hadi mashamba. Pengine barabara yenyewe haipo, ila mawe yake yapo na yamepakwa. Kazi hiyo iko chini ya Wizara ya Mapokezi, wizara kubwa kuliko zote, yenye Idara ya Chokaa, Idara ya Vigelegele na Idara ya Watoto wa Kupunga Bendera. Wizara ya Afya nayo tunayo. Imepewa chumba nyuma ya Idara ya Vigelegele na wanatumia choo kimoja.

Haya nayasema kwa fahari, kama tulivyofundishwa shuleni. Nikifika kwenye habari ya mkumbaa fahari itanipungua, na wasomaji mtaniwia radhi.

Vumbwe, kisiwa chetu, ni kidogo. Ukipiga chafya kusini, watu wa kaskazini wanakuombea rehema. Hakina dhahabu wala mafuta, kwa hiyo kwa miaka mingi Serikali ilitupenda kwa mbali. Kitu pekee tulichokuwa nacho ambacho wengine hawana ni mkumbaa, mmea wa jamii ya alizeti. Ila alizeti ni jitu refu la kujionyesha, na mkumbaa hauvuki goti. Majani yake ni ya kijivu, yana manyoya laini kama sikio la mbuzi. Unaota kwenye nyufa za mawe meusi ya Kilimani, na hauoti pengine popote duniani. Watu wameujaribu kwenye makopo na bustanini, ukakataa. Huchanua mara moja baada ya miaka kadhaa, maua meupe yenye jicho la manjano, na siku zake za kuchanua ni chache.

Siku hizo chache ndizo watu wa Vumbwe huombana radhi. Aliyemkosea mwenzake huenda naye Kilimani, akasimama mbele ya mkumbaa uliochanua, akalitaja kosa lake kwa sauti ya kusikika. Sharti ni moja tu, neno "lakini" halisemwi. Ukisema, "Nilikutukana, lakini na wewe ulinianza," unarudishwa nyuma ya foleni ukatafakari. Aliyekosewa hasemi kitu. Akipokea, humwaga maji ya kikombe kimoja kwenye shina la mkumbaa, wakashuka pamoja. Asipopokea, hushuka na kikombe chake kimejaa. Kwa nini mbele ya ua, hakuna anayejua. Labda ni kwa sababu ua lile halikai sana, na mtu hawezi kuzungukazunguka na maneno mpaka linyauke.

Mwaka ule mkumbaa ulipoanza kutoa vitumba, aliyekuwa akiungoja kuliko wote ni Mkasi binti Kombo, muuza mikate ya mofa. Aliyekuwa akiungoja na kuuogopa ni kaka yake, Shaame Kombo, ambaye ndiye Mkuu wa Kisiwa, yaani Serikali yetu hapa Vumbwe, mwenye koti jeusi juu ya kanzu na bendera ndogo mezani.

Habari yao kila mtu aliijua. Mama yao, Bi Raya, alipofariki, Shaame alikuwa bara, kwenye mstari wa mapokezi uwanja wa ndege, akimngoja Mtukufu Kiongozi Asiyechoka arudi kutoka mapumzikoni. Ujumbe wa msiba ulimfikia asubuhi. Angeondoka saa ile angewahi, maana boti ilikuwepo. Akamnong'oneza msimamizi wa mstari. Msimamizi akamwambia kwamba akitoka litabaki pengo, na pengo litaonekana kwenye televisheni, na taifa zima litajiuliza ni nani huyo asiyempenda Mtukufu. Shaame akabaki amesimama. Mtukufu alifika magharibi, akapita ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Inasemekana alipunga mkono.

Wakati huo Bi Raya ameshazikwa. Kwetu maiti haingoji ratiba ya mtu. Shaame alifika kesho yake, akasimama mlangoni kwa dada yake, akasema, "Kazi, Mkasi. Wajua mambo ya kazi." Mkasi akampa kahawa, akamtandikia mkeka, hakumpa neno. Tangu siku hiyo ikawa ni "Shikamoo kaka" na "Marahaba," basi. Mengine yalikuwa yanangoja mkumbaa.

Vitumba vilipotokea, Shaame alipita kibandani kwa Mkasi, akanunua mkate asioutaka, akasimama nao pale.

"Mwaka huu inshallah nitapanda nawe Kilimani," akasema.

"Utasema?"

"Nitasema."

"Bila lakini?"

Shaame akakuna shingo. "Najifunza," akasema.

*

Ikatokea kwamba mtaalamu mmoja wa mimea kutoka mbali alikuja Vumbwe, akapiga magoti mbele ya mkumbaa, akafuta macho, akaandika kwamba mmea huu hauko kwingine duniani na kwamba uko karibu kuchanua. Gazeti la mjini likachapa. Waziri wa Mapokezi, Mheshimiwa Kibwana Sururu, aliisoma habari hiyo akiwa kwa kinyozi. Akainuka na nusu ya kichwa haijanyolewa. Haikuwezekana, alisema, ua la pekee duniani lifunguke bila mgeni rasmi.

Akaja na boti iliyojaa viti vya plastiki, akatukusanya uwanja wa shule.

"Ndugu wananchi," akasema, "kwa muda mrefu ua hili limekuwa likichanua kiholela. Linachanua siku linayotaka, bila kibali, mbele ya watu wasio na cheo chochote. Serikali yenu sikivu imesikitika sana. Kuanzia leo mkumbaa ni Ua la Taifa, na litafunguka rasmi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mbele ya Mtukufu mwenyewe."

Tukapiga makofi. Bibi mmoja, Bi Hidaya, ambaye kwa sababu ya umri wake huachiwa aseme, akauliza itakuwaje likifunguka Alhamisi.

"Litaelimishwa," akasema Waziri. "Na askari atakuwepo."

Basi akawekwa askari wa kulizuia ua. Kijana mpole yule, alikuwa akisimama pale mchana kutwa na rungu, akitazama vitumba kwa huzuni, maana hakujua vikianza kufunguka avikamate vipi.

Pamoja na Waziri alikuja bwana mmoja mwembamba kutoka Ikulu, ambaye kazi yake ni kujua Mtukufu atakanyaga wapi. Huyo alimuuliza Shaame, mbele ya kamati nzima, "Kimila, anayesimama mbele ya ua hufanya nini?"

"Hutaja kosa lake," akasema Shaame.

Bwana wa Ikulu akafunga kalamu yake. Waziri akatoa leso akajipangusa uso, kisha akaipangusa na meza. Mtukufu Asiyechoka hana kosa. Jambo hilo limo kwenye Katiba, kifungu cha mwanzo kabisa, kabla ya mipaka ya nchi.

Kamati ikajifungia darasani na sinia za pilau. Walipotoka walikuwa na nyuso za watu waliookoa taifa. Mila ya Vumbwe, walitangaza, ni tukufu na itadumishwa. Kuomba radhi kutakuwepo kama kawaida. Mtukufu atasimama mbele ya ua, na wananchi watamwomba radhi yeye.

Kila kundi likapangiwa kosa lake. Walimu watamwomba Mtukufu radhi kwa kufundisha chini ya paa bovu, jambo linaloharibu sura ya paa la Serikali. Wagonjwa wataomba radhi kwa kuugua wakati dawa hazijafika. Wenye baiskeli wataomba radhi kwa kuimaliza barabara. Akina mama, kupitia Mkasi binti Kombo mwenye sauti nzuri, wataomba radhi kwa kuchota maji mengi mpaka kisima kikakauka. Mnadhani tulikasirika. Tulisukumana kutaka kujua kila mmoja amepewa kosa gani, na waliokosa kosa walinuna. Mzee Makungu wa kinu cha kukamua nazi alikwenda kwa Shaame kulalamika kwamba familia yake haikuachiwa hata kosa dogo.

*

Ikabaki chokaa.

Sheria ya Idara ya Chokaa ni fupi. Tangu mahali Mtukufu anaposhuka hadi mahali atakaposimama, kila jiwe linaloonekana kwa macho lipakwe. Waziri alipanda Kilimani na Shaame kukagua. Wakafika kwenye mawe meusi, mkumbaa umejaa kwenye nyufa, vitumba vimefumba kama ngumi za mtoto mchanga.

"Haya mbona meusi?" akauliza Waziri.

"Ndiyo yalivyo, Mheshimiwa. Na humo ndimo ua lilimo."

"Basi hapa ndipo pa kupaka vizuri zaidi. Mikono miwili ya chokaa, pengine mitatu. Au unaonaje, Mkuu wa Kisiwa?"

Shaame alikuwa na maneno. Wote tuliokuwa kando yao tuliyaona yakipanda kooni. Chokaa inaunguza mmea, hilo hata mtoto wa Vumbwe analijua, maana ndiyo tunayoimwaga uani kuua magugu. Akafungua mdomo.

"Sawa, Mheshimiwa," akasema.

Alipokuwa anashuka alimkuta Mkasi chini ya kilima na kapu lake la mikate.

"Kaka, umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Saa ngapi? Ndoo zishapanda."

"Mkasi, ni Waziri yule. Si mtu wa kuambiwa hivihivi."

Mkasi akalitwika kapu lake akaenda zake. Hakugeuka nyuma.

Hapa ndipo naona haya, na sitayafunika. Wapakaji hawakutoka bara, na askari hakutupiga. Tulijitokeza wenyewe, watu wazima, na brashi zetu za makumbi. Tuliimba. Vijana walishindana nani jiwe lake litang'aa zaidi. Chokaa ilitiririka kwenye nyufa, ikayafunika majani yale ya kijivu, na kila mmoja wetu aliona, na kila mmoja alimtazama mwenzake ili aone kama mwenzake atasema. Tulikuwa na adabu sana siku ile. Tulipomaliza, Kilima kilikuwa cheupe kama kichwa cha mzee, na Waziri akatushika mkono mmoja mmoja.

Kufika katikati ya wiki majani yalikuwa rangi ya tumbaku. Vitumba vilidondoka bila kufunguka. Askari wa ua alileta taarifa kwa furaha kwamba jaribio la kuchanua kabla ya wakati limezimwa kabisa.

Kwa mila yetu, watu waliofanya jambo kama lile wangepanda Kilimani wakasema. Ila Kilimani pa kusemea palikuwa hapapo tena, kwa hiyo tulikwenda kila mtu nyumbani kwake tukafunga milango mchana. Nyumba nyingi siku ile hazikupika.

Waziri hakutetereka. Akaagiza ua la plastiki kutoka ng'ambo, kubwa kama sinia ili lionekane kwenye televisheni. Lilikuja jeupe. Likawekwa juu ya jiwe jeupe, halikuonekana. Wakalirudisha likaletwa jekundu.

*

Jumamosi ilipofika tulisimama tangu alfajiri. Mtukufu Kiongozi Asiyechoka alifika jua limeshapita utosini, akasaidiwa kupanda, akasaidiwa kukaa, na kabla wimbo wa taifa haujakwisha alikuwa amesinzia. Bwana wa Ikulu alimgusa kiwiko kwa heshima. Mtukufu akafungua macho, akalitazama ua jekundu la plastiki kwa muda mrefu.

"Linanukia," akasema.

Tukapiga makofi. Kwa itifaki, makofi huanzishwa na Mkuu wa Kisiwa. Shaame alikuwa mbele pembeni, na kila mara Waziri alipotikisa kidevu, yeye alianza na sisi tukafuata.

Makundi yakapita. Walimu wakaomba radhi, wakasamehewa. Wagonjwa wakaomba radhi, mmoja akiwa kwenye machela, wakasamehewa kwa onyo. Wenye baiskeli walisamehewa ila baiskeli hazikusamehewa. Mtukufu alikuwa akichangamka kadiri watu walivyozidi kujutia. Ilionekana wazi kwamba jambo hili lilimfaa kiafya kuliko dawa.

Akaja Mkasi. Alikuwa amejifunga kanga yake ya Idi, na mkononi ameshika kikombe cha maji, maana aliambiwa adumishe mila. Alisimama mbele ya maikrofoni, akalitazama lile ua la plastiki, kisha akageuka kidogo ili kaka yake awe mbele yake. Maneno ya kisima hakuyasema.

"Mama yangu Bi Raya alizikwa mwanawe wa kiume hayupo," akasema. "Alikuwa anamngoja Mtukufu uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa namngoja yeye. Niliwazuia watu wasilifukie kaburi mpaka imamu akanikemea. Nimengoja miaka hii yote nisikie atasema nini mbele ya mkumbaa, na sasa mkumbaa nao haupo. Basi nasema mimi, lisije likakosa wa kulisema."

Mtukufu aliinama kwa bwana wa Ikulu.

"Kosa gani hilo?"

"La msiba, Mtukufu."

Mtukufu akatafakari, akainua mkono wa huruma. "Nimekusamehe," akamwambia Mkasi. "Usirudie tena."

Waziri akatikisa kidevu.

Nilikuwa namtazama Shaame. Uso wake ulikuwa umesawijika kama wa mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Mikono yake ikainuka, polepole, ikakutana. Alipiga makofi. Na sisi tukafuata, kisiwa kizima, kumpongeza Mkasi kwa kusamehewa kilio chake mwenyewe. Mkasi alisubiri mpaka makofi yakaisha, kama mtu anayesubiri mvua ipite, kisha akashuka na kikombe chake kimejaa.

*

Mtukufu aliporudi mjini alisema hajapata kulala vizuri vile tangu achaguliwe bila kupingwa. Akaamuru sherehe irudiwe kila robo mwaka. Wizara ikaanzisha Idara ya Majuto.

Huku nyuma Shaame alibadilika. Jioni akitoka ofisini alikuwa akipanda Kilimani na kifuu cha nazi, akakaa kukwangua chokaa. Ni kosa la jinai, chokaa ya Serikali ni mali ya Serikali, ila wa kumshitaki ni Mkuu wa Kisiwa na Mkuu wa Kisiwa ndiye yeye. Tulimwona tukajifanya hatumwoni. Mke wake alimuuliza anatafuta nini, akasema hajui.

Siku moja alikwenda kibandani kwa Mkasi, vidole vyake vina michubuko, kucha zimeingia weupe.

"Mkasi, mie sikutaka yale. Lakini Waziri—"

Mkasi akafunika mikate kwa kitambaa. "Nyuma ya foleni, kaka," akasema.

Alirudi Kilimani. Siku kadhaa baadaye, kwenye ufa wa jiwe la chini ambamo brashi zetu hazikufika vizuri, aliona jani. Lilikuwa dogo kuliko ukucha, la kijivu, lenye manyoya. Hakumwambia mtu, ila alianza kupanda na chupa ya maji, na Vumbwe ni kidogo, mtu hapiti na chupa ya maji watu wasijue inakwenda wapi.

Robo mwaka ikafika. Boti ya ndoo ikaja mapema, na amri ni ileile, kila jiwe. Shaame aliisimamia kazi mwenyewe. Mawe yote yakapakwa, ila lile la chini alisema atalipaka kwa mkono wake kwa kuwa ndilo lililo mstari wa mbele, na heshima ni yake. Waziri akasema huo ndio uzalendo.

Asubuhi ya sherehe tulimkuta Shaame ameshafika, amekaa juu ya lile jiwe, kanzu yake ameitandaza miguuni mpaka chini. Tukadhani anapumzika. Mtukufu akapanda, kamera zikamfuata, bendi ikaanza wimbo wa taifa, na kisiwa chote kikasimama wima. Shaame hakuinuka.

Waziri alimsogelea akitabasamu kwa ajili ya televisheni. "Simama," akasema meno yamebanwa.

"Nimekaa, Mheshimiwa."

"Unaumwa? Sema unaumwa. Mgonjwa anaruhusiwa."

Ulikuwa mlango mpana, na Waziri, nimpe haki yake, alimfungulia kwa nia njema. Shaame angesema tu mgongo.

"Siumwi," akasema.

Wimbo ukaisha. Bwana wa Ikulu akageuka. Mtukufu, ambaye hakuwa amewahi kumwona mtu aliyekaa mbele yake, aliuliza yule ni nani na kwa nini ni mfupi. Kamera zote zikamgeukia Shaame. Yeye alikuwa akitazama safu za akina mama, mahali aliposimama dada yake.

"Mkasi," akasema, na sauti yake ilisikika bila maikrofoni. "Siku anazikwa mama nilipata ujumbe asubuhi. Boti ilikuwepo. Nilisimama kumpokea Mtukufu, mama akazikwa sipo. Na siku uliyosema wewe hapa, mimi ndiye niliyeanza makofi."

Nadhani kila mtu wa Vumbwe alikuwa anasubiri neno moja. Tulilijua jinsi lilivyo tamu mdomoni, na alikuwa na haki nalo kuliko yeyote, maana kazi yake ilikuwa inakwenda pale pale mbele ya macho yake. Hakulisema.

Mkasi akatoka kwenye safu. Siku hiyo hakuja na kikombe, hakuwa na sababu ya kuja nacho. Akapita mezani kwa Mtukufu, akachukua glasi yake ya maji, iliyokuwa na kitambaa cha nyuzi za dhahabu juu yake, akaenda hadi kwenye jiwe. Akapiga magoti, akainua upindo wa kanzu ya kaka yake, akamwaga maji taratibu. Ndipo sote tukaliona lile jani. Kisha akaketi chini kando yake.

Askari walimbeba Shaame wakiwa wamemshika kwapa na miguu, bado yuko katika hali ya kukaa. Mkasi aliandamana naye hadi kituoni, akimshikilia kofia yake. Hati ya mashitaka ilisema alikaa. Alifungwa kidogo, akavuliwa cheo, na sasa yuko kibandani kwa dada yake anapasua kuni za tanuri, na ukipita asubuhi utawasikia wanagombana kuhusu chumvi kama ndugu wengine.

Nasi tuliobaki Kilimani siku ile tuliendelea kusimama. Wimbo ulikuwa umekwisha kitambo, Mtukufu ameshaondolewa kwa hasira, viti vinapakiwa kwenye boti, na sisi bado tumesimama, kwa sababu hakuna aliyetuambia tukae.

Jiwe la Shaame mpaka leo ni jeusi. Kila robo mwaka ndoo hulipita, na kila mmoja wetu hujifanya kwamba zamu ya kulipaka ni ya mwenzake. Jani limekuwa majani. Bi Hidaya anasema mwaka kesho au wa pili yake utatoa vitumba, na hapo foleni itashuka kutoka Kilimani hadi bandarini, maana hakuna nyumba isiyokuwa na la kusema.

Nami hujaribu langu nikiwa peke yangu njiani. Nilipaka chokaa, nasema. Niliyaona majani na nikapaka, lakini tulikuwa wengi. Basi narudi nyuma ya foleni, naanza tena.